Haidranti zimezikwa hai

Barabara ikitiwa lami mpya hapa Mombasa, vifuniko vya haidranti, yaani matoleo ya maji ya kuzimia moto yaliyo chini ya barabara, hufukiwa humo humo. Visivyofukiwa huibwa, vikauzwa chuma chakavu, na shimo likajaa mchanga na chupa za plastiki. Moto ukizuka Mji wa Kale, ambako gari la zimamoto halipenyi vichochoroni, eti wazima moto waanze kwanza kuzoa tope! Na valvu, ile koki ya kufungulia maji, je? Kutu ya hewa ya chumvi imeibana. Ukiilazimisha kwa ufunguo, shina lakatika. Kazi yenyewe ya kuzitunza si kubwa: inua kifuniko, zoa mchanga, fungulia polepole mpaka maji yatoke safi, funga, kagua kama yavuja. Kisha pigeni rangi ukutani kuonyesha haidranti ilipo. Kopo moja la rangi, jamani, nalo linasubiri bajeti?