Aliyemeza kidonge hicho hicho

Kwenye kliniki za VVU tumeshawazoea WAVIU washauri. Mtu anayeishi na virusi anakaa na mwenzake aliyepimwa juzi, wanaongea taratibu, na hakuna anayeshangaa. Lakini pendekeza kwamba mgonjwa wa skizofrenia, ule ugonjwa mzito wa akili, aliyepata nafuu akae vivyo hivyo na anayeanza dawa, utasikia watu wanaguna: kichaa amshauri kichaa?

Wanaoguna wana hoja. VVU kwa kawaida haimwondolei mtu utambuzi, skizofrenia inaweza. Mshauri mwenyewe anaweza kuzidiwa, au wawili wakashawishiana kuacha dawa. Nami naongeza hofu yangu: wakubwa wakipata washauri wa bure, watasahau kuajiri wauguzi wa afya ya akili.

Halafu kuna mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, ambayo hutajwa kama hukumu. Yalikusanya tafiti 13 zenye washiriki 2,479, yakaona ushahidi ni dhaifu mno kusema kama msaada wa wenzao unafaa au haufai. Wengi huishia kwenye "haufai" na kuliacha lile neno la kwanza. Tena tujiulize kinachohesabiwa. Kipimo kimoja kikubwa cha tafiti za namna hii ni kulazwa: nani alirudi wodini, kwa siku ngapi. Sasa mtu wa kijijini Tandahimba, huku kusini mwa Tanzania, akizidiwa, mara nyingi hafiki wodini. Anafungiwa chumbani, anapelekwa kwa mganga, au anaonekana stendi akiongea peke yake. Kwa kipimo hicho, hakulazwa, kwa hiyo hakuzidiwa. Na akipona kiasi cha kurudi shambani msimu wa korosho, hilo nalo halimo kwenye hesabu ya vitanda.

Siku moja ya kliniki nilikaa benchi moja na kijana aliyekuwa ameacha haloperidol, dawa ya skizofrenia. Mikono ilimtetemeka hata kikombe cha chai akakishika kwa viganja viwili. Daktari alimweleza vizuri tu, naye akaitikia "ndiyo daktari," kwa heshima, huku ameshaamua. Pembeni alikuwepo mtu mzima aliyekuja kuchoma sindano yake ya mwezi. Akamwambia, "Mimi ilinikaza shingo, mwanangu, nikadhani nimerogwa upya. Usizitupe. Rudi ndani umwambie mikono inatetemeka, kuna kidonge cha kutuliza hiyo, au watakupunguzia dozi." Kijana akasema, "Kumbe ni dawa, mjomba?" Akainuka, akarudi ndani.

Daktari hakukosea neno. Ila huku kusini mtoto hafundwi jandoni na mtu ambaye mwenyewe hakupita huko, na yule mjomba alikuwa amepita.

Kwa hiyo hofu ya kushawishiana naiona imekaa kichwa chini. Wagonjwa wanaacha dawa sasa hivi, kimyakimya, majumbani, bila kushawishiwa na mtu. Hofu ya mshauri kuzidiwa ni ya kweli, na dawa yake inajulikana: awe chini ya muuguzi anayemfahamu, akiugua apumzike, nafasi yake imsubiri. Ile ya kazi ya bure ndiyo inayonisumbua hadi leo. Mjomba yule alitoka Newala kwa nauli yake, na aliposhuka ngazi za kliniki kijana alikuwa bado ndani, kwa hiyo akakaa tena kumngoja, basi lake likaondoka.