Vumbi la Dodoma halijali kochi lako ni la bei gani

Naomba niseme mapema kabisa, mi si mtaalamu wa kupamba nyumba, mi ni mtumishi tu niliyehamia Dodoma 2019 pamoja na ofisi, nikapanga kwanza Area C halafu baadae tukajenga huku Nzuguni, na kila kosa la vitambaa unaloweza kulifikiria nimeshalifanya, tena kwa hela yangu mwenyewe.

Kosa kubwa ni velveti ya krimu. Nilikuwa nimeona picha kwenye simu, sebule nyeupeee, makochi ya krimu, kapeti ya manyoya, shea nyeupe, yale mapazia mepesi ya kuonyesha, zinaburuza mpaka chini, nikampelekea fundi nikamwambia nataka hii hii usibadilishe kitu. Fundi akaiangalia ile picha, akaangalia nje dirishani ambako bajaji ilikuwa inapita na mkia wa vumbi nyuma yake, akaniuliza taratibu, "Dada, una uhakika?" Nikamwambia fundi we shona.

Sasa kwa ambao hawajakaa huku ngoja niwaambie. Mvua za Dodoma zinaanza kama Desemba hivi mpaka Aprili zimekwisha, halafu kuanzia hapo mpaka Novemba hata wingu la kudanganyia huoni, na ikifika Agosti, Septemba, upepo unaanza kazi yake. Unafunga madirisha asubuhi, jioni ukirudi unaandika jina lako juu ya meza kwa kidole. Velveti ina vinyweleo vifupi vimesimama, vumbi linaingia katikati yake linatulia, ukifuta na kitambaa kibichi umetengeneza tope, ukipiga mto kofi unatoka moshi. Miezi mitatu tu yale makochi yakawa rangi ya uji wa ulezi, ila siyo yote, pale ambapo watu hawakai palibaki krimu, kwa hiyo mgeni akiingia anajua kabisa nani anakaa wapi.

Na hapo ndo nikamkumbuka mama yangu na vitambaa vyake vya makochi vya kufuma, vile vyeupe vya maua tulivyokuwa tunavicheka eti ushamba. Jamani yule mama alikuwa na akili! Kochi halifuliki, kitambaa kinafulika, Jumamosi anavitoa vyote anavipiga maji saa nne, saa saba vimekauka anavirudisha. Sisi tumeviondoa ili sebule ifanane na picha halafu tunatandika shuka juu ya kochi wageni wakiondoka. Nani mshamba hapo?

Kwenye mapazia ubishi ni mwingi na mi nitasema ninachoamini. Watu wanapenda kusikia pamba, pamba, eti polista ni feki. Kwa mashuka nakubali pamba haina mpinzani, tena huku wakati wa kiangazi hewa ni kavu mpaka usiku wa Julai ukivuta blanketi la polista gizani unaona cheche zinaruka, watoto wangu wanaona ni mchezo. Lakini pazia ni kitu kingine. Pazia la pamba lililonunuliwa bila kuloweshwa kwanza ukilifua linapanda juu kama suruali ya mtoto wa darasa la sita, na jua la huku linalichuna rangi mapema. Polista haisinyai, inakauka haraka, na maji yetu haya mengi ya kisima yenye chumvi yanayokakamaza nguo hayaisumbui sana. Muuzaji akikwambia hii pamba tupu we chomoa uzi mmoja pembeni, toka nao nje uuchome na kiberiti, pamba inanuka kama karatasi inayoungua na majivu yake ukiyasugua yanapotea, polista inajikunja inayeyuka halafu inabaki kidonge kigumu cheusi. Mi nimeshafanya hivyo mbele ya muuzaji, alinuna lakini bei ilishuka.

Halafu dirisha linalotazama magharibi weka bitana, kile kitambaa cha pili kinachoshonwa nyuma ya pazia, usibishane. Langu la chumbani halikuwa na bitana na baada ya mwaka nilipolikunjua pazia lilikuwa na mistari kama punda milia, pale mkunjo ulipotazama jua pamepauka, pale palipojificha pamebaki bluu. Na usikubali fundi akubanie kitambaa, dirisha la mita 2 linataka pazia la karibu mita 4 ukilinyoosha, chini ya hapo likifungwa linakuwa limenyooka kama turubai la msibani.

Kapeti ya manyoya sina la kuongeza, nilimpa mdogo wangu anaishi ghorofani. Nimeweka zulia la katani, mkonge wetu huu ambao Mjerumani aliuleta Tanga 1893, na sielewi kwa nini watu wa Dodoma hatuusifii zaidi. Adui yake ni unyevu, kwa dada yangu Dar lilipiga ukungu, huku unyevu unautoa wapi? Vumbi linapita chini yake, Jumamosi unalibeba uani unalipiga na fimbo, basi. Ila usije ukalimwagia maji, na kama una mtoto anayetambaa tandika kitu laini juu maana linakwaruza magoti.

Turudi kwenye makochi. Mwaka jana nilisalimu amri nikamwita fundi yule yule abadilishe kitambaa. Hakunicheka, nashukuru. Alipotoa pini na kuvua ile velveti akaniita, "Dada njoo uone," akainamisha fremu juu ya gazeti, na vumbi likamwagika kama unga kutoka kwenye debe, jekundu jekundu, laini, lilijaa kikombe cha chai bila utani. Nikaliangalia pale nikafikiri, hili ndo lenye nyumba, mi nimepanga tu. Nikalikunja kwenye lile lile gazeti nikaliweka kwenye mkoba, nikapanda daladala mpaka mjini, maduka ya vitambaa ya karibu na soko la Majengo.

Duka la tatu nikafungua gazeti juu ya meza, nikamwambia kijana nataka kitambaa cha makochi cha rangi hii, kisiwe na manyoya, kiwe kimefumwa kibane. Yule kijana akarudi nyuma hatua mbili. "Mama, hicho ni nini?" Nikamwambia vumbi la kwangu. Akamwita mwenzake, mwenzake akamwita bosi, wote watatu wanaangalia lile gazeti hakuna anayeligusa, nadhani walishaanza kuhesabu hasara ya biashara. Nikaeleza mpaka wakacheka, tukashusha majora, tukayalaza moja moja pembeni ya udongo, haradali hapana, kahawia ya chokoleti hapana, mpaka tukapata moja ya rangi ya matofali yaliyofifia ambayo ukinyunyiza lile vumbi juu yake unalitafuta hulioni.

Elfu 12 kwa mita, nikachukua mita 16. Bosi akanipunguzia kidogo kwa sharti moja, gazeti lile nisilifungue tena dukani kwake.