Kiti cha pweza kirudishe majini, picha utapata tu

Jumapili iliyopita kwenye grupu la familia binamu yangu kaweka picha zake za Zanzibar, ya kwanza yuko kwenye fungu la mchanga, kofia kubwa, miwani ya jua, na mkononi kashika kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, kile chekundu chenye vinundu, kakinyanyua juu kama kombe la ligi. Mioyo ishirini na kitu. Mi nikaandika "umependeza" alafu nikakaa nusu saa nzima roho inanisuta, kwa sababu picha kama ile na mimi ninayo, ya 2016, na yangu mbaya zaidi maana nilikiweka kichwani.

Siku ile tulikuwa watu 11 kwenye boti na kiti cha pweza kilikuwa kimoja. Mtembezaji alikitoa majini akampa wa kwanza, akapigwa picha, akampa wa pili, huyo akafumba macho ikabidi irudiwe, hivyo hivyo mpaka kikanifikia mimi, jua la saa saba linawaka. Nilipokigeuza ndo nikaona chini kuna vimrija laini vingi ajabu, ndo miguu yake hiyo, vinapapasa hewani vinatafuta pa kushika. Sikujua kipindi kile kwamba hana mapafu wala nini, anapumua kwa ngozi na kwa hivyo hivyo vimrija, pumzi anaitoa kwenye maji, kwaiyo sisi tulikuwa tunapokezana kiumbe aliyebanwa pumzi ili tupige naye selfi. Aisee.

Ndo maana siku hizi nina ubishi mmoja tu: kiumbe wa baharini mpige picha pale pale anapoishi, akiwa kwenye shughuli zake, na akikugomea basi umekosa, nenda kale chipsi.

Hilo nililielewa vizuri kisiwani Mafia, kwa papa potwe. Kenya kuna wanaomuita papa shilingi, kwa yale madoa meupe mgongoni. Kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa pili wa tatu hivi wanasogea karibu na Kilindoni kufuata uduvi, na usishangae, ndo samaki mkubwa kuliko wote duniani, anafika mita 12 na kuzidi, alafu riziki yake uduvi, kile kile ambacho bibi yako anakiunga kwa nazi. Ila wengi wa pale Mafia bado hawajafika huko, ni madume ambayo hayajakomaa, vijana wa kiume tu wa kitaa.

Basi nikakodi kamera na boksi lake la kuzuia maji kwa hela ambayo siitaji hapa maana mke wangu anasoma. Potwe alivyotokea nikaruka nikapiga mapezi kama nafukuzwa na polisi. Matokeo: picha 43, mikia 38, mapovu yangu mwenyewe 5. Yule samaki ukimuangalia unaona kama anajikokota lakini ukisema umfukuzie wala humpati. Nimepanda botini nahema, mzee nahodha ananitazama tu, akaniambia, "Mwanangu, ye hakukimbii, ana njia yake, we ndo unamfuata nyuma kama unamdai. Kaa pembeni ya njia, atapita."

Mara ya pili nikakaa. Maji yalikuwa kijani kama supu ya mchicha, sioni kitu, nasikia pumzi zangu tu kwenye ule mpira wa mdomoni, mara nikaanza kuona madoa kabla sijamuona samaki mwenyewe, alafu mdomo, umefunguka mpana kama buti la teksi, visamaki vidogo vinaogelea mbele ya pua yake bila wasiwasi, na jicho dogo likanigeukia likaniangalia. Sikumsogelea. Kanuni za sehemu nyingi ni mita 3 kutoka mwilini na 4 kutoka mkiani, na ukiuona ule mkia unavyopigwa huhitaji kusomewa kanuni. Nikapata picha 6. Tatu safi.

Na flashi zima, tafadhali. Kwanza ni usumbufu kwa mnyama, pili kwenye maji yenye uduvi na vumbi lile inamulika kila chembe, picha inatoka kama tivii ya zamani iliyopoteza chaneli. Alafu usilaumu kamera kwamba kila kitu kimekuwa bluu, ukishuka mita chache tu wekundu ndo wa kwanza kupotea, kwaiyo kaa juu karibu na mwanga.

Kingine, madoa ya potwe ni kama alama za vidole, hakuna wawili wanaofanana, na watafiti wanamtambua kwa picha ya ubavu wa kushoto, pale nyuma ya matamvua. Maana yake picha ya mtu aliyetulia inaweza kuwa na kazi. Zile 38 za mikia hazina.

Pomboo wa Kizimkazi sitaki hata kuanza. Asubuhi mnyama kapumzika, boti saba zimemzunguka, mtu anapiga kelele "rukeni! rukeni!", watu wanadondoka majini kama magunia. Ila manahodha siwalaumu sana, wanaishi kwa bakshishi na bakshishi inatoka kwa mteja anayetaka pomboo puani. Nahodha akizima mashine akakaa mbali, mpe huyo zaidi, na mwambie sababu.

Picha yangu ninayoipenda kuliko zote nimepiga kwa simu, Jambiani, maji yamekupwa, kwenye kidimbwi cha maji ya magotini. Kuna pweza mle. Mama aliitazama akasema jiwe zuri. Shemeji aliikuza mpaka ikawa vumbi, hakuona kitu. Kesho yake nikamuonyesha bi mmoja anayevua pweza pale pale ufukweni, hakumaliza sekunde mbili, kidole juu ya kioo, "huyu hapa, na mkubwa. Umemuona wapi?"

Nikajifanya nimesahau.