Kwanza paa, kibao baadaye

Ukitoka Greensboro, Alabama, ukaishika barabara namba 61 kwenda kusini, hukawii kufika Newbern, kijiji ambacho wakazi wake hawafiki 200. Mimi naishi Birmingham, na nikipata Jumamosi ya mapumziko huja huku Kaunti ya Hale. Njiani majengo yaliyofungwa ni mengi: maduka ya matofali, makanisa, nyumba za mbao zenye baraza pana. Mengine miti imeotea ndani na kutokezea dirishani.

Yananiuma yote, ila shule zaidi. Kati ya 1912 na 1932 zilijengwa karibu shule 5,000 kwa ajili ya watoto weusi wa kusini mwa Marekani. Wazo lilikuwa la Booker T. Washington, mwalimu mweusi aliyeongoza chuo cha Tuskegee hapa Alabama, na mfadhili alikuwa Julius Rosenwald, mkuu wa kampuni ya Sears. Watu huziita "shule za Rosenwald" kana kwamba tajiri alizijenga peke yake. Yeye alitoa dola milioni 4.3. Watu weusi wenyewe, wengi wao wakilima pamba kwenye mashamba ya wengine, walichanga milioni 4.7, juu ya kodi waliyokuwa wameshalipa. Waliuza kuku. Kuna waliotenga kipande cha shamba, pamba yake yote ikawa ya shule.

Mwaka jana niliingia katika mojawapo nikiwa na mama mzee aliyesoma humo. Madirisha yake ni marefu, yamepangwa bega kwa bega. Umeme haukuwapo, na ramani zilitaka mwanga umfikie mtoto kutoka kushoto ili kivuli cha mkono unaoandika kisifunike daftari. Ubao ungali ukutani. Kwenye pembe moja upepo ulikuwa umeng'oa bati, na chini yake sakafu imelainika kama mkate uliolowa. Niliigusa kwa ncha ya kiatu, ikabonyea. Hatua tatu kutoka hapo mbao zilezile ni kavu, ngumu, ukizigonga zinalia. Mama akanionyesha alipokuwa akikaa, dirisha la pili, akasimama pale kimya kwa muda mrefu.

Nje kuna kibao cha kumbukumbu, kimesimama wima, kinang'aa.

Hapo ndipo ninapoachana na wapenzi wengi wa historia. Jengo likiingizwa kwenye orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria watu hushangilia, lakini orodha hiyo haimzuii mwenye jengo kulibomoa kwa fedha zake, wala haipigilii msumari hata mmoja. Nafuu ya kodi ya serikali kuu, asilimia 20 ya gharama za ukarabati, ni kwa majengo yanayoingiza kipato. Shule kuukuu katikati ya mashamba utampangisha nani? Fedha za kwanza ziende kwenye bati, za pili kwa wakili wa mirathi.

Naam, mirathi. Mara nyingi babu mwenye jengo alifariki bila wosia, watoto wakahamia Chicago na Detroit, leo warithi ni arobaini na kila mmoja ana fungu lake katika mali nzima ambayo haijagawanywa. Aliyebaki kijijini benki haimkopeshi, maana hati haina jina lake. Aliyekulia jirani na nyumba ya urithi, iwe Tanga au Lamu, anaujua ugonjwa huu: wanaoipenda nyumba ni wengi, mwenye kauli ya kununua bati hayupo.

Penye mwenye kauli, kazi hufanyika. Pale Newbern familia moja ilitoa jengo lake la benki ya zamani, na wanafunzi wa usanifu wa Rural Studio, ya Chuo Kikuu cha Auburn, wakaligeuza maktaba mwaka 2013. Sura yake ya mbele waliiacha. Watoto husoma humo, wakubwa huja kutumia intaneti. Jengo lenye watu ndani likivuja, mtu anaona siku hiyohiyo.

Shule ya yule mama ina turubai sasa. Tulilifunga mimi na wapwa zake wawili, tukakandamiza kingo kwa mbao. Litahimili mvua za mwaka mmoja, pengine miwili. Mama bado anasubiri saini za binamu zake saba, warithi wenzake.