Shahidi Anukaye Bia

Alhamisi ile, tarehe 18 Desemba 2025, nilikuwa na shughuli moja tu: kuwa shahidi kwenye nikaha ya binti wa ami yangu, mashariki mwa London, baada ya sala ya Isha. Kazi yenyewe si kubwa. Unakaa kitako, unasikiliza, unaitika, unakula pilau. Ila ami ni mtu wa Mombasa ya zamani, na alishanionya kwa simu kwamba shahidi lazima awe mwadilifu, asiye na dosari, na asichelewe. La kuchelewa alilirudia.

Nikavaa mapema: kanzu nyeupe ya kutarizi, kofia ya vito iliyoshonwa Lamu, koti jeusi juu yake. Niko mlangoni natafuta viatu, simu ikalia. Alikuwa jamaa yangu wa Nyeri, tunabeba naye makasha kwenye ghala moja.

"Niko na tiketi mbili za Alexandra Palace. Wa pili ameshikwa na tumbo. Kuja haraka, kuna Mkenya leo kwa ubingwa wa dunia."

"Anakimbia saa ngapi?"

"Hakimbii! Anarusha vishale!"

Nikatazama saa. Kulikuwa na nafasi ya kwenda, kushangilia kidogo, na kushuka mashariki kwa utulivu kama shahidi mwadilifu. Mke wangu akanitazama, akaitazama kanzu aliyoipiga pasi asubuhi nzima, asiseme neno. Mwanamke wa Kimvita akikunyamazia, jua ameshaona mwisho wa hadithi.

Basi la W3 linapanda kilima kutoka Wood Green. Nilipoingia, kiti pekee kilichobaki kilikuwa kando ya ndizi. Si tunda, ni mtu mzima wa miraba minne aliyevaa vazi la ndizi. Nyuma yake walikaa watawa wanne wenye ndevu, na nyuma yao pengwini wawili wakigombana habari za nauli. Nikasema moyoni, labda kuna hospitali karibu.

Jamaa alinieleza tulipokutana mlangoni. Mashindano haya mashabiki wake huja wamejigeuza, ndiyo desturi. Mwaka huu wachezaji ni 128, na bingwa anaondoka na pauni milioni 1. Mkenya wetu ni David Munyua, daktari wa mifugo, wa kwanza kutoka Kenya kufika pale. Leo amepangiwa Mbelgiji, Mike De Decker, aliyechukua World Grand Prix, shindano jingine kubwa la vishale, mwaka 2024. Daktari wa ng'ombe dhidi ya bingwa. Nikauliza kama kuna daktari wa watu ukumbini, kwa tahadhari tu.

Jengo lenyewe lina historia. Lilifunguliwa mwaka 1873, likaungua baada ya siku 16, likajengwa upya na kufunguliwa tena mwaka 1875. Nilisimuliwa hayo nikiwa kwenye foleni nikayaona maneno ya kupitisha wakati. Laiti ningeyachukua kama ishara.

Bawabu akanikagua juu mpaka chini, uso ukamchanua. "Vazi safi sana. Umelikodi wapi?"

"Lamu."

"Hilo duka liko mtaa gani?"

Ndani ni meza ndefu ndefu, majagi ya bia yamepangwa msitari, na watu maelfu wanaimba huku wamesimama juu ya viti. Mimi na chupa yangu ya maji tukatafuta mahali. Hapo ndipo Waingereza wawili walioketi meza ya mbele wakaniona, wakapiga ukelele uliosikika hadi jukwaani. Walikuwa wamevaa taji za karatasi na majoho ya kung'aa, mmoja zambarau, mwingine manjano, kingo zimetiwa nakshi ya dhahabu. Wamejigeuza Mamajusi, wale wafalme waliomwendea mtoto Bethlehemu na zawadi. Walitakiwa wawe watatu. Wa tatu kakwama kwenye treni.

"Umefika!" wakasema, wakanivuta.

Nikajaribu kuwaeleza kuwa hizi ni nguo zangu, kwamba babu yangu amezivaa, kwamba nusu ya mtaa wetu Ijumaa wanavaa hivi. Wakacheka mpaka machozi. Yule wa zambarau akamwambia mwenzake kuwa sitoki kwenye uhusika hata kidogo, msanii kamili. Wakanikabidhi kisanduku na kuniambia mimi ndiye mwenye ubani. Nikakubali. Ubani angalau naujua.

Mchezo ukaanza. Kwa asiyejua: kila mchezaji anaanza na alama 501 na anateremka hadi sifuri, akirusha vishale vitatu kwa zamu kutoka mita 2.37. Kishale cha kumalizia lazima kiingie mahali panapohesabiwa mara mbili, kama ule ukanda mwembamba wa pembeni. Ukishinda raundi tatu umepata seti, na katika hatua hii ukipata seti tatu umemtoa mwenzako. Ubao wenyewe ni wa katani. Jamaa yangu akawaambia Mamajusi kwamba Kenya kuna kiwanda kinachotengeneza mbao hizi na kuzisafirisha ng'ambo, kwa hiyo Mkenya leo amekuja tu kukagua mali. Wa manjano akaagiza jagi jingine kwa heshima ya katani.

Seti ya kwanza ikaenda kwa Mbelgiji. Ya pili pia. Jamaa yangu akaanza kuzungumzia safari ya nyumbani na bei ya taksi. Nami, nasema kweli, nilikuwa nikitazama saa zaidi ya ubao. Kisha daktari akashinda seti ya tatu, na ukumbi ukageuka. Waingereza wanampenda sana anayeelekea kushindwa, mradi si kwao. Ndizi, watawa, pengwini, wote wakawa Wakenya. Wakati wa seti ya nne wa zambarau alinishika bega akaniuliza huko kwetu tunaombaje. Nikamwambia tunaomba kimya, tukiwa tumekaa, na bila bia karibu. Hakusikia. Seti zikawa mbili kwa mbili.

Seti ya tano siwezi kuisimulia kwa utaratibu kwa sababu sikuiona yote, muda mwingi nilikuwa nimefunika uso kwa kile kisanduku cha ubani. Ninachokumbuka ni kwamba daktari alisimama pale kama mtu anayesubiri ng'ombe atulie ndipo amdunge sindano, akadunga, na ukumbi mzima ukaruka. Tatu kwa mbili! Mkenya wa kwanza kucheza pale, na Mkenya wa kwanza kushinda pale, siku ileile.

Niliruka. Jamaa aliruka. Wa manjano aliruka na jagi mkononi. Bia ikapanda juu, ikatua kwangu yote, kuanzia kofia ya vito hadi soksi.

Kanzu nyeupe ikilowa bia haiwi nyeupe tena, wala haiwi rangi yenye jina. Na harufu! Nilisimama pale nikinuka sherehe za kijiji kizima. Nyumbani kwangu ni Croydon, kusini kabisa. Nikienda kubadili nguo, nitafika nikaha mtoto wa kwanza ameshazaliwa. Mamajusi wakafanya kikao cha dharura. Wa zambarau akavua joho lake akanivika, akafunga kifungo cha shingoni na kusema nitamrudishia Jumamosi, akaniandikia namba yake nyuma ya karatasi ya 180, ile wanayoinua mashabiki mchezaji akipata alama za juu kabisa kwa vishale vitatu. Mtu muungwana. Wengi walionicheka siku ile baadaye hawakunivika chochote.

Nikafika ukumbi wa nikaha mapema kidogo kabla ya muda, nimejifunika joho hadi vifundoni, harufu imefungiwa ndani. Nilitarajia aibu. Badala yake wazee wakainuka.

"Mashallah! Bushuti hilo!" alisema mzee mmoja, akishika ukingo kwa vidole viwili. "Hili ni la Muscat."

"Muscat gani," akadakia mwingine, "hii nakshi ni ya Al-Ahsa, kule Saudia, nazijua."

Ami, ambaye tangu nizaliwe hajapata kuisifu nguo yangu, akanichukua mkono na kunikalisha mbele karibu na shehe, ambako kwa kawaida hukaa watu wenye nyumba za kupangisha. Mchana nguo zangu za kweli ziliitwa maigizo. Usiku maigizo yameniweka kwenye safu ya wakubwa. Nikatulia nikayapokea. Hata sauti nikaishusha kidogo.

Kisha likaja chetezo.

Hapa inabidi niseme kuhusu lebo. Ndani ya joho, ubavuni, kulikuwa na kitambaa kidogo chenye maandishi na picha ya moto uliokatwa kwa msitari. Nilikiona nikiwa kwenye treni. Nilidhani ni habari za pasi.

Kijana akaja na udi unafuka, makaa mekundu, akianza na wageni wa heshima kama adabu inavyotaka. Na mgeni wa heshima mwenye joho hafukizwi kwa mbali: joho hutandazwa juu ya chetezo moshi uingie kitambaani. Ami mwenyewe ndiye aliyelitandaza, kwa fahari, huku akimweleza shehe kuhusu Muscat. Nikasema, "Ami, basi, imetosha." Akasema, "Kaa, usiwe na haraka."

Joho la Muscat halikushika moto. Lilinywea. Ukingo ulijikunja kwa sauti ndogo ya kukwaruza, ukadondoka matone juu ya makaa, na moshi wa udi ukageuka moshi wa ndoo iliyosahauliwa jikoni. Nakshi ya Al-Ahsa ikashikana na chetezo. Nikavuta, chetezo likaja. Kijana akavuta, mimi nikaenda. Upande wa wanawake mtu akapiga yowe "Anaungua!", na shangazi zangu wawili wakapita pazia na mirashi mikononi wakanimwagia marashi ya waridi yote yaliyokuwemo, ya wageni mia. Ami akanivua joho kwa nguvu.

Na chini ya joho nilikuwepo mimi na kanzu yangu.

Ukumbi ukanyamaza. Bia, plastiki na waridi kwa pamoja ni harufu ambayo haina mtu wa kuitetea. Shehe akavuta pumzi mara moja, akaiacha ikae, kisha akamgeukia ami kwa upole mkubwa. "Shahidi ndiye huyu?"

Ami hakujibu. Mdomo ulifunguka ukafungika. Nikaanza kujieleza: daktari wa ng'ombe, Mbelgiji, ndizi, wafalme wa Bethlehemu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mlevi. Aliyeniokoa ni mdogo wa bwana harusi, kijana mwenye simu kubwa. "Shehe, ni kweli, huyu hapa, video iko mtandaoni." Wazee wakaisogelea simu. Nilionekana wazi: katikati ya Mamajusi wawili, chupa ya maji mkononi, kisanduku kichwani, jagi linaruka, bia inanishukia.

Shehe akaitazama mara mbili. Akasema dhulma imethibiti, mtu hakunywa, amenyweshewa nguo. Nikashusha pumzi. Kisha akasema, "Irudishe nyuma kidogo. Kwa nini halengi pale katikati?"

"Katikati ni 50, shehe," kijana akamjibu. "Kile kipande cha 20 kinachozidishwa mara tatu ni 60."

Tunaye shehe anayefundisha mirathi miaka mingi, mtu anayegawa shamba la minazi kwa warithi 11 bila karatasi. Macho yakamng'aa. Vijana wakaanza kumjaribu.

"Zimebaki 170, shehe, vishale vitatu."

"60, 60, 50. Lakini mlisema cha mwisho lazima kiwe cha mara mbili."

"Ile 50 ya katikati inahesabiwa ni 25 mara mbili."

"Basi imekwisha. Nyingine."

"169."

Akafumba macho. Wazee wakafumba naye. Akafumbua. "Hii haiendi. Mmenitegea." Na kweli haiendi. Vijana wakapiga makofi. Ami akakohoa mara ya kwanza, akakohoa ya pili, na upande wa wanawake ukapitishwa ujumbe kutoka kwa bibi harusi ukiuliza kama kuna nikaha ama aende akavue viatu vinamuuma.

Nikaha ikafungwa. Nilibaki kuwa shahidi, ila shehe aliniomba nikae upande wa mlango, pale upepo unapotokea nje. Pilau nililetewa hukohuko.

Joho nilililipa. Mfalme wa zambarau alikuwa amelikodi, na duka halikukubali kupokea nusu. Daktari Munyua alitolewa hatua iliyofuata na Kevin Doets wa Uholanzi, tatu bila, na mtu wa kwanza kunipigia simu ya pole alikuwa shehe, sauti imemshuka kama kapotelewa na jamaa. Tarehe 3 Januari 2026, usiku wa fainali, Luke Littler alipomshinda Gian van Veen seti saba kwa moja, simu yangu ililia tena. Ulikuwa ujumbe wake mfupi: "Kijana ana miaka 18 na pauni milioni 1. Mwambie mwanao darasa la mirathi ni Jumamosi saa nne, aje na vishale."