Kabla ya kusema ni jini, mtoto apimwe tumbo

Juzi, katika msiba uliokuwa Makorora, nilimsikia mama mmoja akisema kwa uhakika kwamba binti wa jirani yangu alitupiwa jini mwaka jana, na waliokuwa mkekani wakaitikia. Nilinyamaza kwa heshima ya wafiwa, lakini hapa sitanyamaza.

Mtoto huyo alikuwa na miaka 12. Alianza kwa kukosa usingizi, akamtukana bibi yake aliyemlea, akaanguka kifafa shuleni, kisha akaacha kabisa kusema. Nilikaa naye usiku mmoja: kinywa chake kilikuwa kikitafuna bila kupumzika, kama cha mla tambuu, ilhali hakikuwa na kitu. Alitibiwa malaria, akaandikiwa kombe, kisha hospitali moja ikampa dawa za wagonjwa wa akili. Nakubali kwamba kombe lilimpa mama yake moyo, lakini wiki tatu zilipotea.

Daktari wa nne ndiye aliyeagiza ultrasaundi ya tumbo, na uvimbe ukaonekana kwenye ovari, yaani kifuko cha mayai ya uzazi. Uvimbe wa aina hiyo, teratoma, huweza kuwa na chembe zinazofanana na za ubongo. Mwili hutengeneza kingamwili za kupambana nazo, na kingamwili hizohizo huugeukia ubongo wenyewe. Daktari wa mishipa ya fahamu Josep Dalmau na wenzake waliueleza ugonjwa huu, uitwao kwa Kiingereza anti-NMDA receptor encephalitis, mwaka 2007, kwa hiyo hauwezi tena kuitwa muujiza. Uvimbe ukiondolewa na mgonjwa akapewa dawa za kutuliza kinga ya mwili mapema, walio wengi hupona, ingawa huchukua miezi mingi.

Ni kweli kwamba kwa watoto wadogo mara nyingi hakuna uvimbe unaopatikana, na kipimo chenye jibu kamili ni cha maji ya uti wa mgongo. Hata hivyo, ultrasaundi tunayo hapa Tanga, haimwumizi mtoto, na sioni sababu ya binti aliyebadilika ghafla na kuanguka kifafa kurudishwa nyumbani bila kupimwa tumbo. Vivyo hivyo kwa mtoto mdogo ambaye macho yake yanachezacheza ovyo na viungo vinamshtuka: karibu nusu ya watoto hao hukutwa na saratani iitwayo neuroblastoma, mara nyingi tumboni au kifuani.

Binti amerudi darasani, ingawa bado husahau majina ya wenzake. Mama yake aliniambia, "Dada, wiki tatu nzima nilimwogesha mwenyewe, na hakuna hata mmoja aliyenigusia habari ya tumbo."