Umeitia Hamira?

Ilikuwa Aprili, masika yanapiga mabati ya Kariobangi Light Industries hadi hatusikizani, mzee mmoja aliponiletea visanduku 12 vya sakiti za pampu za visima nivijaze resini ya poliurethani. Unachanganya kopo A na kopo B, unamimina, inaganda, maji hayaingii tena. Mzee akauliza, "Fundi, hii utaiweza?" Nikacheka. Mimi?

Kopo A, lenye polioli, yaani ile kemikali ya kugandishwa, lilikuwa limekaa rafuni wiki mbili likiwa limefunikwa kwa nailoni na mpira. Kifuniko chake kijana wangu alikuwa amekigeuza kisosi. Cha kukorogea hatukuwa nacho, akakimbia kwa mama wa kibanda cha ugali, akarudi na mwiko umeoshwa hadi unang'aa. Nikakoroga kama ninayesonga sima ya matanga.

Nikamimina. Nyeusi tii, laini kama kioo. Nikajipongeza kwa chai.

Chai haijapoa, nikaona kipovu kimoja katikati ya kisanduku cha kwanza, kimenitumbulia kama jicho la chura. Kikapasuka: pff! Wakaja ndugu zake. Kabla sijaweka kikombe chini, visanduku vyote 12 vinaumuka kama mahamri, resini inashuka mezani, imeshameza bisibisi yangu hadi shingoni.

"Bosi," kijana akasema kwa upole, "umeitia hamira?"

Nikampigia aliyeniuzia. Swali lake la kwanza: "Umekorogea nini?" Nilipotaja mwiko alinyamaza kidogo, nadhani aliziba simu acheke. Kopo B, akasema, lina isosianeti, kemikali inayoigandisha polioli, na isosianeti ikionja maji inatoa gesi ya kaboni dioksaidi. Polioli nayo hunywa unyevu wa hewani ikiachwa wazi, na mbao na vikombe vya karatasi vina unyevu hata ukiviona vikavu. Sakiti zenyewe zilitakiwa zikaushwe kwanza kwenye oveni, nyuzi 60 hadi 80, saa kadhaa. Nitumie kikombe cha plastiki na kijiti cha chuma, nikoroge polepole nisiingize hewa, makopo nifunge papo hapo.

"Wenye viwanda vya magodoro," akamalizia, "maji wanayatia makusudi."

Ndio nikaelewa nilichokuwa nimetengeneza.

Mama wa kibanda alifika kudai mwiko wake. Ulikuwa umesimama wima katikati ya ndoo kama mlingoti wa bendera, akauvuta, ikainuka ndoo nzima. Nilimlipa mpya. Nikawa ninatafuta turubai la kufunika meza, lakini mzee alikuwa ameshaingia, anapangusa mvua kwenye koti.

Akatazama visanduku vyake. Akabonyeza kimoja kwa kidole gumba, kikabonyea, kikarudi taratibu. Akabonyeza tena.

"Fundi," akasema, "hili ni la inchi ngapi?"